Apatimenti za kulaza wageni kwa siku katika mitaa ya makazi: zidhibitiwe vipi?

Mkazi wa Ghorofa ya Tatu

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie mpaka mwisho ndipo mnijibu.

Jengo ninaloishi lina nyumba kumi na mbili. Nilipohamia, zote zilikuwa na wakazi, wakiwamo walimu wawili wastaafu, familia nne zenye watoto, na kijana mmoja mpiga ngoma aliyekuwa akifanya mazoezi mchana na kuacha ikifika jioni, kwa sababu alitujua na sisi tulimjua. Leo nyumba tano kati ya hizo hazina mkazi. Zina wageni wa siku mbili tatu. Getini vimening'inizwa visanduku vitano vya funguo, kila kimoja na namba yake ya siri. Saa nane usiku nasikia magurudumu ya masanduku yakipanda ngazi, halafu mtu anahangaika na kitasa cha mlango wangu kwa sababu amekosea ghorofa. Takataka zinawekwa siku ambayo gari la taka halipiti, kwa kuwa anayeziweka hajui ratiba na kesho anaondoka. Mwanangu ana miaka sita. Ameacha kusalimia watu ngazini.

Sina ugomvi na mgeni. Amelipa, ametumiwa namba ya kisanduku, amekuja kupumzika. Kinachoniuma ni kwamba nyumba iliyojengwa ili watu wakae imegeuzwa hoteli, na sisi tunaolala ukutani kwake hakuna aliyetuuliza.

Mjadala huu kila ninapoukuta umegeuka kuwa kuvutana kati ya "pigeni marufuku" na "mali ni yangu". Naona tunaruka swali lenyewe. Je, kuna mtu anaishi pale, au hakuna? Airbnb yenyewe, jukwaa la mtandaoni la kupangisha nyumba kwa siku, ilianza mwaka 2007 kwa vijana wawili wa San Francisco walioshindwa na kodi ya pango, wakatandika magodoro ya upepo sebuleni kwao wakati wa mkutano mkubwa uliojaza hoteli za mji. Wageni walilala sebuleni, wenyeji walikuwa humo humo. Hilo silipingi hata kidogo. Lakini mtu mwenye apatimenti tisa katika majengo manne, asiyelala hata moja, hafanyi kitu kile kile kwa ukubwa tu. Ile ni biashara nyingine kabisa.

Karibuni. Natamani zaidi kuwasikia wenye nyumba hizi na waliowahi kufanya kazi upande wa halmashauri.

Chumba cha Nyuma

Ahsante mwanangu kwa kututenganisha. Mara nyingi tunachanganywa kapu moja.

Mimi ni mama wa makamo. Watoto wamekwenda zao, chumba cha nyuma kikabaki kitupu. Nimekaribisha wageni mwaka wa tano sasa. Fedha yake ndiyo imelipa mkopo wa paa na dawa za presha za mume wangu. Mgeni akipiga kelele, wa kwanza kuamka ni mimi. Akitupa taka vibaya, nazikusanya mimi kabla jirani hajaziona. Kwa nini? Kwa sababu kesho nitakutana na huyo jirani.

Ninachoogopa ni hiki. Sheria ikija, fomu na ada zinakuwa sawa kwa mwenye chumba kimoja na kwa mwenye nyumba tisa. Yule ana mhasibu na wakili. Mimi nina daftari. Mwisho wake ninayefunga ni mimi na yeye anaendelea. Kwa hiyo mnapoandika sheria, kumbukeni kwamba mzigo ukiwa sawa unamvunja mgongo mdogo.

Funguo Tisa

Wakuu, mwanzisha uzi amenitaja bila kujua. Nina nyumba tisa. Tatu ni zangu, sita nimekodi kwa mkataba wa muda mrefu kutoka kwa wenyewe, nao wanajua ninachofanya na wameridhika.

Nitasema ya moyoni. Nilianza nikiwa mwenye nyumba wa kawaida. Mpangaji wangu wa mwisho alikaa miezi minane bila kulipa, na kumtoa kwa njia ya mahakama kulichukua mwaka mwingine. Alipotoka, nilikuta milango miwili haipo. Mgeni wa siku tatu analipa kabla hajafika, anaacha dhamana, na akiharibu kikombe najua siku hiyo hiyo. Serikali ikitaka nirudi kwa wapangaji wa kudumu, ianze kwa kunihakikishia kwamba mahakama itanisikiliza ndani ya muda unaoeleweka.

Pili, mnatutwisha upungufu wa nyumba ambao hatukuuleta. Miji haijengi vya kutosha. New York wamebana tangu Septemba 2023: ukipangisha chini ya siku 30, mwenyeji lazima awepo nyumbani na wageni wasizidi wawili. Matangazo yakafutika karibu yote. Kodi za pango zilishuka? Hazikushuka. Waliofurahi ni wenye hoteli.

Mkazi wa Ghorofa ya Tatu

Mkuu Funguo Tisa, nashukuru kwa kujitokeza waziwazi. Habari ya mpangaji wako imenigusa, na nakubali kwamba mahakama inayochelewa inamfukuza mwenye nyumba mwema kwenye upangishaji wa kudumu. Hilo liingie kwenye sheria yoyote itakayoandikwa.

Ya New York ni kweli ulivyosema. Soko la mamilioni ya nyumba halitikisiki kwa kurudishiwa elfu kadhaa. Lakini usipime kwa mji mzima, pima kwa mtaa. Barcelona watafiti waliopima walikuta kodi ya pango imepanda kwa wastani wa asilimia 1.9 kwa sababu ya nyumba hizi. Ni kidogo. Ila katika mitaa iliyojaa wageni zaidi, ongezeko lilikuwa kama asilimia 7. Anayekaa kwenye mtaa huo hali wastani wa mji, anakula asilimia 7 yake.

Marekani nako Barron, Kung na Proserpio walichapisha utafiti mwaka 2021. Walikuta matangazo ya Airbnb yakiongezeka kwa asilimia 1, kodi inapanda kwa asilimia 0.018 na bei ya nyumba kwa 0.026. Namba ndogo sana, mpaka ukumbuke kwamba matangazo yenyewe yalikuwa yakiongezeka kwa makumi ya asilimia kila mwaka. Lakini kilichonifanya niusome mara mbili ni kingine: katika maeneo yenye wenye nyumba wengi wanaoishi humo wenyewe, athari ilikuwa ndogo zaidi. Anayeishi ndani akikaribisha wageni, haondoi nyumba sokoni, kwa sababu yeye mwenyewe bado anaikalia. Asiyeishi ndani ameitoa.

Ndiyo maana narudi pale pale. Kuna mtu anaishi pale au hakuna?

Mkaguzi Mstaafu

Nimesoma kwa utulivu. Nilifanya ukaguzi wa majengo kwa miaka mingi na mwisho wa kazi yangu nilipewa faili la hizi nyumba za wageni. Niwaeleze mambo yanavyokuwa, maana wengi mnadhani sheria ikishapitishwa kazi imekwisha.

Sheria inayopendwa na wanasiasa ni ya kuhesabu usiku: nyumba isilaze wageni zaidi ya idadi fulani ya usiku kwa mwaka. London ni 90 kwa mwaka tangu 2015. Amsterdam walianza na 60, wakashuka hadi 30 mwaka 2019, wageni wasizidi wanne. Japani kwa sheria iliyoanza Juni 2018 ni 180. Paris ilikuwa 120 kwa nyumba anayoishi mtu, na kuanzia Januari 2025 wamepunguza mpaka 90. Kwenye karatasi inapendeza. Mwenye nyumba anasafiri mwezi mmoja, anaipangisha, anarudi, hakuna aliyeumia.

Sasa nenda wewe ukazihesabu hizo 90. Unahesabuje? Unasimama nje ya mlango? Kalenda ya kwenye mtandao inaonyesha tarehe zilizofungwa, lakini haikuambii kama zimefungwa kwa kuwa kuna mgeni au kwa kuwa mwenyewe amerudi. Jukwaa moja likimfungia akifika 90, anahamia jingine na hesabu inaanza sifuri. Nyumba hiyo hiyo inapigwa picha kutoka upande mwingine, inapewa jina jingine, na anwani haionekani mpaka ulipe. Nilishawahi kukaa siku nzima nikilinganisha picha ya sinki na vigae vya jikoni ili nijue tangazo moja ni la mlango upi. Siku nzima, nyumba moja. London tatizo lao kwa miaka mingi lilikuwa hilo: kikomo kipo, daftari la usajili halipo, na anayetakiwa kuthibitisha ni halmashauri.

Kinachobadilisha mchezo ni namba ya usajili pamoja na wajibu wa jukwaa. Namba moja kwa nyumba moja, ionekane kwenye kila tangazo, na jukwaa lisiruhusiwe kupokea fedha bila namba hiyo kuhakikiwa. Hapo ushahidi unahama. Mimi sihangaiki kuthibitisha kwamba umevunja sheria. Wewe unaonyesha kwamba una namba. Angalieni Japani: sheria ilipokaribia kuanza, karibu asilimia 80 ya matangazo ya Airbnb yaliondolewa kwa kukosa namba, na haikuhitaji mkaguzi hata mmoja kugonga mlango. Paris walikuwa na namba tangu Desemba 2017, lakini matangazo yasiyo nayo yaliendelea kuonekana mpaka mahakama ilipoitoza Airbnb faini ya zaidi ya yuro milioni 8 mwaka 2021, kwa matangazo 1,010. New York nguvu yake ni hiyo hiyo. Sheria ya kukataza ilikuwapo tangu zamani. Kilichoongezeka 2023 ni kwamba jukwaa haliwezi kupitisha malipo ya nyumba isiyosajiliwa. Umoja wa Ulaya nao umeweka kanuni ya pamoja, inayotumika kuanzia 20 Mei 2026, ya kuyataka majukwaa yapeleke kwa mamlaka takwimu za usiku na wageni kwa kila namba, kila mwezi.

Kwa hiyo mkitaka kuibana halmashauri yenu, msianze kuuliza usiku ngapi. Ulizeni daftari liko wapi, na nani analazimika kutoa takwimu. Bila hayo mawili, hata mkiandika usiku 10 ni wino tu.

Mama wa Chumba cha Nyuma, hofu yako naijua. Dawa yake ni usajili wa ngazi mbili. Anayelaza wageni nyumbani kwake naye yupo, ajaze ukurasa mmoja, ada ndogo au bure kabisa, apewe namba siku hiyo. Asiyeishi pale aombe kibali kamili, akaguliwe, majirani waarifiwe, kibali kiwe na mwisho. Huo mzigo hauwezi kuwa sawa kwa wote.

Ndoo na Fagio

Naomba na mimi niseme, maana hapa wanaongea wenye nyumba na majirani.

Mimi nasafisha hizi nyumba. Mgeni anatoka saa tano asubuhi, mwingine anaingia saa kumi jioni, katikati ni mimi na shuka. Siku nyingine nyumba nne. Nalipwa kwa nyumba, si kwa saa. Nyumba zikifungwa nakosa kazi, hilo mlijue. Sipingi udhibiti, lakini katika mijadala yote hii hakuna anayeuliza kazi zetu zitakwenda wapi.

La pili. Mgeni akipata shida namba anayopiga ni yangu. Maji yamekatika, mimi. Mtoto amejifungia bafuni, mimi. Mwenye nyumba sijawahi kumwona uso kwa uso. Na nimeona vitu. King'ora cha moshi hakina betri kwa sababu kiliwahi kulia usiku mgeni akaandika maoni mabaya. Chumba cha kulala kimetengenezwa kwa kugawa sebule na ukuta mwepesi, hakina dirisha. Mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli ili watu wasipitie huko. Nilimwambia msimamizi, akajibu nishughulike na usafi.

Mkaguzi Mstaafu

Dada, ahsante sana. Ulichosema ndicho kilichokuwa kikininyima usingizi kazini.

Tarehe 16 Machi 2023 jengo la kale liliungua katika mtaa wa Old Montreal, Kanada. Watu saba walikufa. Baadhi ya waliokuwamo walikuwa wageni waliopanga kupitia Airbnb, kwenye eneo ambalo upangishaji wa namna hiyo haukuruhusiwa. Baada ya hapo jimbo la Quebec likabana: tangazo lisilo na cheti halali haliwekwi, na jukwaa linawajibika.

Mkazi wa kudumu anajua ngazi ziko wapi hata gizani. Mgeni aliyefika jana usiku hajui. Ndiyo sababu hoteli inadaiwa ramani mlangoni, taa za njia ya kutokea na ving'ora vilivyounganishwa. Ukishamweka mgeni wa hoteli ndani ya nyumba ya makazi, umechukua hatari ya hoteli ukaacha kinga ya hoteli. Hilo halina uhusiano na kelele wala kodi ya pango, na kwa maoni yangu lilitakiwa kuwa la kwanza kwenye orodha ya kila halmashauri. Watu hulichelewesha kwa sababu halionekani mpaka siku moja.

Safari na Watoto

Neno moja tu kutoka upande wa wageni. Mtoto wangu wa pili ana mzio mkali wa vyakula, hatuwezi kula mikahawani kwa wiki nzima. Tukisafiri tunahitaji jiko. Vyumba viwili vya hoteli kwa watu watano bei yake haishikiki. Mkifuta kabisa, mnatufungia safari sisi wenye familia. Lakini nikisoma ya huyo dada kuhusu king'ora, kuanzia leo nitakuwa nakijaribu kabla sijafungua sanduku.

Funguo Tisa

Nimekaa kimya kidogo. Ya ving'ora yamenigusa. Zangu tatu najua zina betri, hizo sita za kukodi sina hakika, na jibu hilo halitoshi. Kesho napita moja moja.

Lakini bado nina swali kwa mkaguzi, na naomba jibu la haki. Mimi niliingia biashara hii ilipokuwa halali. Nimekopa. Nimeajiri watu wawili wa usafi na fundi mmoja. Ikitoka sheria kesho kwamba lazima niishi ndani, siwezi kuishi katika nyumba tisa. Je, ni haki kunizimia taa mara moja?

Mkaguzi Mstaafu

Si haki, na wala mahakama haziipendi njia hiyo.

Barcelona, meya Jaume Collboni alitangaza Juni 2024 kwamba leseni zote 10,101 za apatimenti za watalii hazitahuishwa zikifika mwisho, yaani Novemba 2028. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane, ila ona kwamba alitoa miaka minne. Wabunge wa chama cha Partido Popular walikwenda mahakamani kuipinga sheria ya jimbo la Catalonia iliyompa nguvu hiyo, na Mahakama ya Katiba ya Hispania mwaka 2025 ikaiacha isimame, mojawapo ya sababu ikiwa ni huo muda wa mpito. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo ilishasema Septemba 2020, katika kesi iliyotoka Paris, kwamba uhaba wa nyumba za kupangisha ni sababu halali ya kudai kibali, mradi hatua yenyewe ilingane na tatizo.

Upande wa pili, New Orleans, Marekani, walijaribu kusema katika mitaa ya makazi apewe leseni mwenye nyumba anayeishi humo tu. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaitupa, kwa kuwa iliwabagua wenye mali wa majimbo mengine. Jiji likaandika upya: si lazima mwenye mali aishi pale, ila msimamizi wa upangishaji lazima aishi pale. Mwanzisha uzi, hapa swali lako linanyooka zaidi. Sheria isiulize nani anamiliki wala ametoka wapi. Iulize usiku mgeni akipata matatizo, nani yupo pale pale wa kumfungulia mlango?

Kwako Funguo Tisa, ningekuwa bado ofisini ningekupa miaka mitatu, nyumba zipungue kwa awamu, na zile sita za kukodi zianze. Hizo sita wewe si mmiliki. Ni nyumba ambazo mpangaji wa kudumu angezichukua kwa mkataba ule ule uliouchukua wewe.

Funguo Tisa

Hilo la mwisho sikuwahi kulitazama hivyo. Siko tayari kusema nakubali, lakini nimelisikia.

Mkazi wa Ghorofa ya Tatu

Wakuu, kuna njia moja bado hatujaigusa: jengo lenyewe. Hispania tangu Aprili 2025 anayetaka kugeuza apatimenti kuwa ya watalii lazima apate ridhaa ya theluthi... samahani, tatu ya tano ya wenye nyumba za jengo. Kabla ya hapo jengo ndilo lililokuwa likihangaika kupata kura za kumzuia. Sasa anayehangaika ni yeye. Naipenda kwa sababu haihitaji mkaguzi mstaafu kulinganisha masinki. Wanaoamua ni wale wanaosikia magurudumu.

Udhaifu wake nauona. Mimi ni mpangaji, sina kura. Na jengo ambalo tatu ya tano imeshanunuliwa na wafanyabiashara, kura zake zimeshakwenda. Sisi tuna nyumba tano kati ya kumi na mbili. Zikifika nane, hakuna mkutano utakaosaidia.

Tuna kikao cha wakazi wiki ijayo. Ninataka kupeleka mambo machache yasiyosubiri sheria: namba ya simu ya msimamizi ibandikwe getini na ipokelewe usiku, ratiba ya taka iwekwe ndani ya kila nyumba, namba ya ghorofa iandikwe kubwa ukutani, ving'ora vikaguliwe mbele ya mtu wa jengo. Halafu barua kwa halmashauri kuhusu daftari la usajili, kama mkaguzi alivyosema. Mzee wangu, barua hiyo naiandikaje isitupwe?

Mkaguzi Mstaafu

Usiandike "tunasumbuliwa na kelele". Barua za hivyo zilikuwa zikijaza kabati langu, na sikuwa na la kufanya nazo. Kelele imeshapita, aliyeipiga ameshaondoka.

Andika daftari. Tarehe, saa, mlango upi, watu wangapi waliingia, waliondoka lini. Usiandike majina ya wageni wala kuwapiga picha, wao si washtakiwa. Ukilikuta tangazo, hifadhi ukurasa wake pamoja na tarehe. Miezi miwili ya daftari namna hiyo inamwonyesha ofisa kwamba nyumba haina mkazi. Hilo ndilo analoweza kulichukulia hatua, kwa sababu ni badiliko la matumizi ya jengo, na sheria za mipango miji karibu kila mahali zina kifungu cha badiliko la matumizi hata pasipokuwa na sheria ya Airbnb.

Ndoo na Fagio

Kama mnaandika barua, wekeni mstari mmoja kwamba msimamizi awe na wajibu wa kumsikiliza mfanya usafi akitoa taarifa ya hatari. Sisi tunaingia kila nyumba kila siku. Hakuna mkaguzi anayeona tunayoyaona.

Mkazi wa Ghorofa ya Tatu

Dada, unaingia mstari wa kwanza.

Chumba cha Nyuma

Mwanangu, nimekuwa nikifikiria tangu juzi. Yule kijana wa ngoma uliyemtaja mwanzoni, bado yupo?

Mkazi wa Ghorofa ya Tatu

Hapana mama. Aliondoka mwaka juzi. Mkataba wake uliisha, mwenye nyumba hakuuhuisha. Baada ya wiki mbili mafundi walipaka rangi, kikaja kitanda kipya na kile kisanduku cha funguo. Kilikuwa cha kwanza getini.

Mkaguzi Mstaafu

Unaikumbuka tarehe aliyohama? Iandike ukurasa wa kwanza wa daftari, na umtafute akupe nakala ya mkataba wake wa zamani. Paris kwa miaka mingi walikuwa wakirudi nyuma mpaka tarehe 1 Januari 1970 kuthibitisha kwamba nyumba ilikuwa ya makazi. Wewe shahidi wako yupo hai na anapiga ngoma.

Mkazi wa Ghorofa ya Tatu

Ninayo namba yake. Nampigia jioni hii.